Kwadi ya mtumba inachemsha na umeme unasumbua: anzia wapi, pima nini

Kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) iliyotumika ikianza kuchemsha, na wakati huohuo betri inalala kila asubuhi, mwenye chombo huona ana matatizo mawili na huita mafundi wawili. Mara nyingi tatizo ni moja. Feni ya rejeta inaendeshwa na umeme. Chaji ikiwa dhaifu, au waya wa ethi (unaounganisha nguzo hasi ya betri na bodi) ukiwa umeliwa na kutu, feni inazunguka kivivu, maji hayapoi, na injini inachemsha. Joto hilo nalo linapika koili ya chaji (inayozalisha umeme ndani ya injini) na rekitifaya (inayougeuza na kuudhibiti kabla ya kufika betrini), chaji inazidi kushuka, na feni inazidi kudhoofika. Kwa hiyo hapa tunazichukua hitilafu hizi pamoja, na tunasisitiza jambo moja: pima kabla ya kununua. Themostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji), koili, rekitifaya na hata gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda) hubadilishwa bure mara kwa mara kwa sababu tu mtu alikisia.

Maelezo yanahusu kwadi za petroli zinazopozwa kwa maji, zenye betri ya volti 12, kama zinazotumika mashambani au kubeba watalii Unguja, Diani na Jinja. Vipimo tunavyotoa ni vya kawaida kwa kwadi nyingi. Kitabu cha ufundi cha modeli yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Vifaa: mita ya umeme inayopima volti za DC na AC, omu, na ampea hadi 10; taa ya majaribio ya volti 12; kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga, na kile cha kutumbukiza kwenye maji; brashi laini; fyuzi za akiba za saizi sahihi; na lita 3 hivi za kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyokwisha kuchanganywa.

Na kabla ya yote, usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya presha yanaweza kuwa na joto la zaidi ya 100°C bila kuchemka, na presha ikiondoka ghafla yanageuka mvuke usoni mwako. Subiri hadi hosi ya juu ishikike kwa mkono na iwe laini ukiiminya. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi ili ipoe haraka. Hedi ya alumini inaweza kupinda au kupasuka, na hapo utakuwa umejitengenezea hitilafu kubwa kuliko ile uliyokuwa nayo.

Anza na matope

Kwadi inatembea polepole huku injini ikifanya kazi nzito. Gari la barabarani likienda kilomita 80 kwa saa linapata upepo wa bure. Kwadi inayopanda mlima kwa kilomita 10 kwa saa haina upepo huo, feni ndiyo upepo wake wote. Isitoshe, rejeta imekaa mbele katikati ya magurudumu mawili yanayorusha tope.

Kosa la kawaida ni kuitazama rejeta kwa mbele, kuiona inang'aa, na kuihesabu kuwa safi. Uchafu unaoua kwadi za mtumba unakaa ndani, kati ya feni na mapezi ya rejeta. Legeza boliti za feni, zinazokuwa tatu au nne, na uivute nyuma kidogo. Kwenye kwadi iliyokaa shambani utakuta tabaka la tope kavu lililoshikana na mbegu za nyasi na manyoya ya ng'ombe, nene kwa milimita 3 hadi 5, limefunika sehemu ya katikati palepale feni inapovuta. Ukimulika tochi upande wa nyuma na kutazama kwa mbele, mwanga unapaswa kupenya kila mahali. Pasipopenya, hewa nayo haipiti.

Osha kutoka nyuma kwenda mbele, yaani kinyume na njia ya upepo, kwa mpira wa bustani na maji ya sabuni. Loweka dakika 15, suuza, rudia hadi mwanga upenye. Mashine ya kuoshea magari iweke mbali: presha yake inalaza mapezi ya alumini, na pezi lililolala halipitishi hewa kabisa. Yaliyokwisha lala yanyooshe mojamoja kwa ubao mwembamba au bisibisi bapa ndogo, bila kugusa mirija ya maji. Kwadi inayotembea ufukweni isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ila isubiri ipoe kwanza, kwani chumvi hula mapezi na soketi za umeme kwa pamoja.

Kwa kwadi ndogo zinazopozwa kwa hewa, kazi ni fupi: safisha mapezi ya silinda na rejeta ya oili kama ipo, hakikisha oili imefika kiwango, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya umeme.

Maji, kifuniko na hewa iliyonaswa

Injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Maji yanapaswa kufika shingoni. Chupa ya akiba ni kitu kingine: inaweza kujaa huku rejeta ikiwa nusu tupu, na hali hiyo yenyewe ni dalili. Injini ikipata moto, maji yanatanuka na kusukumwa kwenye chupa. Ikipoa, rejeta inayavuta kurudi. Chupa ikijaa na rejeta ikipungua, ama vali ndogo ya katikati ya kifuniko haifunguki, ama kibomba cha chupa kimepasuka na kinavuta hewa, ama gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Kifuniko ndicho rahisi kuliko vyote, kwa hiyo anza nacho. Tazama mpira wake kama umekauka au una nyufa, na uvute ile vali ya katikati kwa kucha uone kama inarudi. Vifuniko vingi vya kwadi vimeandikwa 1.1, yaani baa 1.1, karibu psi 16. Usiweke chenye namba kubwa kuliko cha awali ukidhani ni bora, maana utapasua hosi.

Mchanganyiko wa kulanti na maji nusu kwa nusu, chini ya kifuniko kizima cha presha hiyo, unachemka karibu na 129°C. Mchanganyiko huohuo kifuniko kikiwa kimekufa unachemka karibu na 107°C. Hizo nyuzi ishirini na kitu ndizo akiba yako mlimani. Tumia kulanti inayofaa injini za alumini, na maji yasiyo na chumvi. Hapa pana hatari ya kweli: dukani ukiomba maji ya betri, wengine watakupa asidi. Taja kwamba unataka maji yaliyosafishwa ya kuongezea, na usome lebo. Maji ya kisima na ya bomba la pwani yanaacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Ukoko ukishaziba mirija, kuosha kwa nje hakutasaidia. Kulanti yenyewe ni sumu na ina utamu unaowavutia watoto na mbwa. Iliyomwagwa ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko.

Baada ya kubadilisha maji, toa hewa. Mtu akiruka hatua hii, kwadi itachemsha ndani ya dakika kumi na lawama itaiangukia themostati. Inua magurudumu ya mbele kwa sentimita 20 hadi 30 ili shingo ya rejeta iwe mahali pa juu kuliko pote. Fungua skrubu ya kutolea hewa, ambayo kwa kawaida iko kwenye nyumba ya themostati au juu ya pampu ya maji. Mimina taratibu huku ukiminya hosi kwa mkono, na funga skrubu maji yakianza kutoka bila mapovu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache isailensi (iungurume bila kuongezwa mafuta) hadi hosi ya chini ipate joto, ongeza kadiri maji yanavyoshuka, kisha funga. Ikipoa kabisa, angalia tena.

Themostati, pampu na gasketi ya hedi

Gusa hosi ya juu na ya chini, au zipime kwa kipimajoto. Ya juu ikiwa ya moto sana na ya chini ikabaki baridi muda mrefu, maji hayazunguki: themostati haifunguki, pampu haisukumi, au rejeta imeziba ndani. Elekeza kipimajoto kwenye uso wa rejeta, pitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Joto likishuka taratibu, rejeta ni nzima. Ukikuta ukanda uliopoa ghafla katikati ya sehemu zenye moto, mirija ya hapo imeziba.

Themostati itoe na uitumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, vyote vikining'inia bila kugusa sufuria. Joto la kufunguka limepigwa chapa kwenye chuma chake. Kwenye kwadi nyingi ni kati ya 70 na 82°C. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba hiyo na iwe wazi kabisa nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Isipofanya hivyo, tupa. Wako wanaoitoa na kuiacha nje moja kwa moja. Hatushauri. Injini itakaa baridi mno kwenye njia tambarare, oili itakusanya unyevu, na ikiwa ni ya injekta kompyuta itaendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba ni asubuhi.

Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini yake kwa makusudi. Kikidondosha kulanti, sili ya upande wa maji imekwisha. Kikidondosha oili, ni sili ya upande wa injini. Usikizibe kwa gundi. Ukikiziba, kulanti itaingia kwenye oili, na oili itageuka rangi ya chai ya maziwa hadi beringi zikaungue. Fungua pia kifuniko cha pampu utazame pangaboi lake. Kwenye kwadi iliyotembea kwa maji matupu, mabawa huwa yameliwa.

Gasketi ya hedi iache mwisho, lakini dalili zake usizipuuze. Hosi ya juu inakuwa ngumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, kabla maji hayajapata moto. Mapovu yanatoka shingoni mwa rejeta mfululizo na yanaongezeka ukikanyaga mafuta. Moshi mweupe wenye harufu tamu hauishi hata injini ikipata moto. Uthibitisho wa bei nafuu ni dawa ya kupima gesi kwenye maji: ni ya bluu, na ikivuta gesi ya injini ya petroli inageuka njano. Ikigeuka, ndipo ufungue hedi. Na hedi ikishafunguliwa ipelekwe kupimwa unyoofu kwenye karakana ya kuchonga, usirudishe gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda.

Kuna joto lisilotokana na mfumo wa maji kabisa. Inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono: breki inayoshika inaifanya injini ivute mzigo siku nzima. Pima upepo wa matairi, kwa kuwa kwadi hutumia upepo mdogo, mara nyingi psi 3 hadi 7, na mtu aliyezoea pikipiki anaweza asijue kuwa lililoshuka hadi psi 2 limekwisha. Kwadi ya mkanda iendeshwe gia ya L (ya chini) kwenye tope na mlima, maana kwenye H (ya juu) mkanda unateleza, nyumba yake inapata moto, na injini inanguruma bila mwendo. Na kama ni ya kabureta, mpira wa manifoldi uliopasuka unaingiza hewa ya ziada, mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mkavu (petroli kidogo mno), na joto la hedi linapanda hata rejeta ikiwa mpya.

Feni, mahali joto na umeme vinapokutana

Feni ikiwa haiwaki, usikimbilie kununua mota. Ipime kwa mpangilio huu, injini ikiwa imezimwa:

1. Zungusha mapanga kwa kidole. Yakigoma, tope limeingia kwenye mota. Mota iliyoshikwa na tope ndiyo inayokata fyuzi ya feni kila mara.
2. Chomoa soketi ya feni, uipe umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili, moja ikiwa na fyuzi ya ampea 15. Ikiwaka kwa nguvu, mota ni nzima.
3. Kama rejeta ina swichi ya joto ya nyaya mbili, chomoa soketi yake, unganisha zile nyaya mbili kwa kipande cha waya, ufungue ufunguo. Feni ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, fuata fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na ethi.
4. Kama ni ya kompyuta, chomoa soketi ya sensa ya joto ufunguo ukiwa wazi. Kompyuta nyingi zikikosa taarifa ya joto huwasha feni kwa usalama. Sensa yenyewe ina ukinzani unaoshuka kadiri inavyopata moto: nyingi husoma karibu kilo-omu 2 hadi 3 kwa joto la kawaida, na karibu omu 300 kwa 80°C. Ipime kwenye sufuria ileile ya themostati.

Feni inayowaka bado haijafaulu mtihani. Kwanza, inavuta upande gani? Kwenye kwadi nyingi feni iko nyuma ya rejeta na inavuta hewa kutoka mbele kwenda kwenye injini. Weka karatasi mbele ya rejeta: inapaswa kunaswa na kubaki pale. Ikisukumwa na kudondoka, kuna mtu aligeuza nyaya, na feni inapigana na upepo wa mwendo. Tumetaja hili kwa sababu kwenye kwadi iliyopita mikono mingi si jambo la ajabu.

Pili, inapata volti ngapi? Injini ikiwa inaunguruma na feni inazunguka, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya feni kwa kuchomeka sindano za mita nyuma ya soketi bila kuichomoa. Betri ikisoma 14.0 na feni ikasoma 13.5, njia ni nzuri. Feni ikisoma 11, volti 3 zinapotea njiani, na mahali zinapopotea pana joto: soketi iliyoota ukoga wa kijani, rilei iliyoungua, au ethi iliyofungwa juu ya rangi. Ukiitazama kwa macho utasema feni inafanya kazi, lakini upepo wake hautoshi mlimani.

Betri na chaji

Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa tangu kuzimwa. Volti 12.6 hadi 12.8 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 na chini yake ina njaa na inaharibika kila siku inapokaa hivyo. Kisha acha mita ikiwa imeunganishwa, piga stata. Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri iliyokuwa imejaa imechoka. Betri ya ampea-saa 14 ichajiwe kwa ampea 1.4, yaani moja ya kumi ya ukubwa wake. Chaja kubwa ya lori itaipika.

Sasa chaji. Injini ikiwa na joto, iweke kwenye mizunguko 3,000 hadi 5,000 kwa dakika, taa zikiwa zimezimwa, na usome volti kwenye betri. Inapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na kitu na inashuka, haichaji. Ikipita 15, rekitifaya imeshindwa kudhibiti: itachemsha betri, itaunguza balbu, na ikiendelea itafika kwenye kompyuta. Izime mara moja. Na kwa hali yoyote usichomoe betri injini ikiwa inawaka ili kujaribu chaji, kama wanavyofanya baadhi ya watu kwa magari ya zamani. Volti zinaruka ghafla, na rekitifaya pamoja na kompyuta vinaweza kuondoka papo hapo.

Ikiwa haichaji, tafuta soketi ya nyaya tatu inayotoka kwenye injini kwenda rekitifaya. Nyaya zote tatu kwa kawaida ni rangi moja, nyeupe au njano. Itazame kwa makini kabla ya kupima chochote. Plastiki iliyogeuka kahawia kuzunguka pini moja, pini yenyewe imekuwa na rangi ya bluu na majivu, na waya wa hapo umekauka sentimita mbili tatu hadi ganda linavunjika ukilikunja: hapo ndipo chaji yako ilipokuwa ikiishia. Kata sehemu yote iliyoungua hadi ufikie shaba inayong'aa, weka soketi mpya inayohimili ampea 30, au unga kwa lehemu na ufunike kwa mpira wa kubana kwa moto. Kuukunja waya na kuufunga kwa tepu ni kuurudisha ugonjwa mwezi ujao.

Soketi ikiwa nzima, ichomoe na upime upande wa koili. Ukiwa umezima injini, omu kati ya nyaya kwa jozi (1 na 2, 2 na 3, 1 na 3) ziwe ndogo na zilingane, mara nyingi kati ya 0.1 na 1.0. Gusanisha kwanza sindano za mita zenyewe na utoe omu zake. Kutoka waya wowote kwenda kwenye bodi ya injini kusiwe na mawasiliano hata kidogo; yakiwepo, koili imepiga shoti. Kisha washa injini, weka mita kwenye volti za AC, upime jozi zilezile kwenye mizunguko 3,000 hivi. Kwa kawaida utaona volti 40 na zaidi, lakini kilicho muhimu kuliko namba ni jozi tatu kulingana. Mbili zikisoma 50 na moja 20, koili imekufa sehemu. Usiguse pini wazi kwa vidole wakati huu. Pima pia injini ikiwa ya moto, kwa sababu koili iliyokauka vanishi inaweza kusoma vizuri asubuhi na kupiga shoti ikishapata joto. Koili ikifaulu baridi na moto, na nyaya za kwenda betri ni nzima, ndipo umtuhumu rekitifaya. Ukiweka mpya, ifunge kwenye chuma mahali penye upepo, sehemu ya chini ikiwa safi, maana inapoza joto lake kupitia hapo. Iliyofunikwa na tope haitadumu.

Stata inayobofya, na umeme unaopotea usiku

Ukibonyeza stata na rilei inabofya tu, usiiguse rilei kwanza. Weka sindano nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini, upige stata. Mita isome chini ya volti 0.3. Ikisoma 1 au zaidi, waya wa ethi ndio mgonjwa: ufungue ncha zote mbili, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, pakaa grisi ya umeme juu yake. Fanya vivyo hivyo kutoka nguzo chanya hadi boliti ya stata, hapo 0.5 ni mpaka.

Ikiwa haibofyi kabisa, tembea na swichi za usalama: ile nyekundu ya kuzimia, swichi ya breki, na ya nyutro. Kwadi nyingi hazipigi stata zikiwa kwenye gia hadi breki ishikwe, na swichi hiyo ndogo ya breki hujaa tope. Tumia taa ya majaribio kuanzia betri ukifuata waya. Pale taa inapokoma kuwaka ndipo tatizo lilipo.

Betri inayolala usiku ina kitu kinachoinyonya. Zima ufunguo, ondoa waya wa hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya nguzo na waya huo. Usipige stata wala kuwasha taa mita ikiwa hivyo, utachoma fyuzi yake. Miliampea chache ni za saa ya dashibodi. Zikiwa 100, hizo ni ampea-saa 2.4 kwa siku, na betri ya 14 itakuwa imekauka kabla ya siku ya sita kwisha. Chomoa fyuzi mojamoja hadi namba ishuke. Ikigoma kushuka, chomoa soketi ya rekitifaya, kwa kuwa diodi yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ikivuja inarudisha umeme wa betri kwenye koili.

Halafu fuata kazi za mwenye chombo wa zamani. Taa za nyongeza, honi, soketi ya simu na winchi ndivyo vinavyochosha mfumo wa kwadi za mtumba. Taa mbili za wati 55 ni ampea 9 hivi, wakati chaji nzima ya kwadi ndogo inaweza isizidi ampea 20 na injini yenyewe na feni vinataka sehemu yao. Winchi ikivuta kwa nguvu inaweza kupita ampea 100, kwa hiyo inakula betri moja kwa moja. Iwe na nyaya zake nene kutoka betrini, na injini iwe inaunguruma unapovuta. Kila kilichoongezwa kiwe na fyuzi yake sentimita chache tu kutoka betri. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara, kwa sababu kitakachofuata kuungua ni waya ulio chini ya tenki la petroli. Ukague huo waya mahali unaposuguliwa: shingoni mwa usukani, chini ya kiti, karibu na ekzosi, na popote panya wanapoweza kulala. Geuza usukani kulia na kushoto injini ikiwa inawaka, na utikise shada la nyaya kwa mkono; injini ikikata au taa ikipepesa, umepata mahali.

Kuijaribu kabla ya kununua na baada ya kazi

Unapokwenda kununua, dai uikute injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla hujafika huenda ameficha uwashaji mgumu, na hosi inayopata ugumu upesi hutaiona.

Kwa ile uliyotengeneza, iendeshe gia ya L kwa dakika 20 hadi 30 kwenye mwinuko, mita ikiwa imefungwa betrini mahali unapoiona. Simama, acha isailensi. Feni iwake, joto lishuke, feni izime yenyewe, halafu irudie hivyo angalau mara mbili au tatu. Volti ukiwa unakanyaga mafuta kidogo na feni ikiwaka zisiwe chini ya 13. Izime, iache ipoe usiku mzima, kisha asubuhi fungua rejeta utazame maji yamefika shingoni, pima betri kabla ya kugusa ufunguo, na uandike namba zote mbili kwenye karatasi uiweke chini ya kiti. Wiki ijayo utapima tena na kulinganisha.